Mwizi Hakungoji Sokoni, Hukungoja Njiani

Ukiwa mzaliwa wa mashambani na riziki yako iko Nairobi, kuna kazi ambazo huziombi lakini zitakutafuta. Mwenye udaktari huulizwa dawa ya kila maradhi, hata ya mbuzi. Mwenye uwakili hukabidhiwa kesi za mipaka ya mashamba zilizoanza enzi za babu. Mimi nala kwa jasho la tarakilishi, na kwa sababu hiyo jamaa zangu wa Kitui na Makueni wameniachia kila jambo lenye kioo, waya na vitufe. Aliyesahau neno lake la siri hunipigia simu. Ambaye simu yake imetumbukia katika karai la maji hunipigia pia, kwa simu ya jirani.

Hayo yote huwa nayachukulia kwa mzaha. Lakini swali nililoulizwa na kina mama wa kikundi chetu halikuwa la mzaha hata kidogo. Walitaka kujua hivi: kati ya kurasa zote za duka lao la mtandaoni, ni zipi zinazohitaji kufuli?

Msomaji, usilione swali hilo kuwa dogo. Wanachama wa kikundi hicho wako pande zote mbili za Mto Athi, ambao kwa sehemu kubwa ndio mpaka kati ya kaunti ya Kitui na ya Makueni. Upande wa Kitui kuna wasusi wa viondo vya katani na warina asali. Upande wa Makueni kuna wanaokausha maembe, maana msimu ukiiva maembe huwa tele hata yakaozea chini ya miti. Kwa miaka mingi walikuwa wakiwauzia madalali kwa bei ya kutupa. Kiondo ambacho mama amekisuka wiki nzima, akipinda mgongo kando ya moto, kiliuzwa mjini kwa bei ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuiona. Ndipo wakachanga fedha, shilingi kwa shilingi, wafungue tovuti ili mnunuzi wa Nairobi, wa Mombasa au hata wa London achague kikapu chake mwenyewe na pesa zimfikie aliyekisuka. Fedha hizo zilikuwa karo, zilikuwa mbegu, zilikuwa mabati ya nyumba ambayo yangesubiri mwaka mwingine. Zikiibwa, si tovuti itakayokufa, ni umoja wa watu.

Mkutano ulifanyika Mutomo, mji ambao siku hizi ni rahisi kuufikia kwa barabara ya lami inayotoka Kibwezi kupitia Ikutha. Fundi aliyepewa kazi ya kutengeneza tovuti ni kijana mpole na stadi. Alikuwa amechora kurasa zote 14 kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani. Kati ya hizo, mbili alikuwa amezizungushia wino mwekundu: ule ukurasa ambapo mnunuzi hujaza jina lake na kulipa, na ule ambapo mweka hazina huingilia kwa neno lake la siri.

“Hizi mbili ndizo nitakazozitia kufuli,” akasema. “Zilizobaki ni za kutazama tu. Nani ataiba picha ya kiondo?”

Watu wakacheka. Mweka hazina, mama ambaye hatoi shilingi ya kikundi bila kuuliza inakwenda wapi, akatikisa kichwa kukubali. Mwalimu mmoja mstaafu akaenda mbali zaidi. Alisema hata hizo mbili hazina haja, kwa kuwa pesa zenyewe zitapitia M-Pesa, na M-Pesa ina ulinzi wake. Kisha macho yote yakanigeukia mimi.

Sikuwashangaa. Walilosema lilikuwa ndilo wazo la mafundi wa dunia nzima kwa miaka mingi, na lilikuwa na sababu zake. Mtindo wa kusimba mawasiliano ya tovuti ulianza kusambazwa na kampuni ya Netscape ya Marekani mwaka 1995, na lengo kubwa lilikuwa kumwezesha mtu anunue kitu kwa kadi ya benki bila nambari za kadi hiyo kunaswa njiani. Kusimba, kwa lugha nyepesi, ni kuyageuza maneno yawe msimbo usiosomeka ila na yule tu aliyekusudiwa. Tarakilishi za zama hizo zilikuwa dhaifu, na kusimba kuliziongezea mzigo. Cheti cha kuthibitisha kwamba tovuti ni ya mwenyewe kilinunuliwa kwa fedha nyingi, tena kila baada ya muda kilipwe upya. Basi watu wakafanya kama anayejenga nyumba kwa fedha chache: mlango wa chuma chumba cha kulala, kwingine pazia.

Kasoro ya mpango huo ni kwamba unadhani mwizi yuko nyumbani. Hayuko. Yuko njiani.

Nilianza kwa kuwaomba wafuate safari ya ukurasa mmoja. Mnunuzi ameketi katika hoteli moja pale Emali, anakunywa chai akingoja basi la Mombasa, na simu yake imeunganishwa na wai-fai ya hoteli. Anagusa picha ya kiondo. Ombi lake linatoka kwenye simu, linapita katika kile kisanduku cha wai-fai kilichotundikwa ukutani, linaingia kwa kampuni inayouza huduma ya intaneti, linapita kwa kampuni nyingine na nyingine, na huenda likavuka bahari kwa waya hadi kwenye seva iliyo Ulaya. Kisha ukurasa unarudi kwa njia kama hiyo. Kama haukusimbwa, ni kama postikadi. Kila mkono unaoipokea unaweza kuisoma, na jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba unaweza pia kuchukua kalamu ukafuta neno na kuandika lingine.

Kufuli la tovuti, ambalo utalitambua kwa anwani kuanza na herufi https, hufanya kazi tatu kwa pamoja. Kwanza, huyafanya maneno yasisomeke njiani. Pili, huhakikisha hayakubadilishwa. Yakiguswa hata kwa nukta moja, simu ya mnunuzi itagundua na kuyakataa. Tatu, huthibitisha kwamba tovuti unayozungumza nayo ndiyo kweli yenye jina hilo ulilolifungua. Watu huijua ile kazi ya kwanza, wakasahau mbili za mwisho. Ndiyo maana wakauliza, “Nani ataiba picha ya kiondo?” Ni kweli, haibwi. Hubadilishwa.

Wakamba wa Kitui ni watu wa mwisho wanaohitaji kufundishwa kwamba hatari ya biashara iko safarini. Katika karne ya 19 misafara yao ilibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa, na mmoja wa wafanyabiashara wake mashuhuri alikuwa Kivui Mwenda wa Kitui, ambaye Wazungu waliliandika jina lake Kivoi. Mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika kwake mwaka 1849, na akiwa huko Kitui aliuona Mlima Kenya mnamo Desemba 3. Mwaka 1851 Krapf alirudi, na wakafunga safari pamoja kuelekea Mto Tana. Walivamiwa na wanyang’anyi njiani, Kivui akauawa, na Krapf akaponea chupuchupu, akarudi kwa kiu na njaa. Kivui alikuwa mtu mwenye nguvu na jina, na nyumbani kwake hakuna ambaye angethubutu kumgusa kirahisi. Alipatikana njiani. Nilipotaja jina hilo, wazee waliinua vichwa, na nikajua tumeanza kuelewana.

Sasa tumrudie mnunuzi wetu wa Emali. Mpango wa fundi ulikuwa kwamba ukurasa wa kwanza uko wazi, na juu yake kuna kitufe cha “Nunua” kinachompeleka mnunuzi kwenye ukurasa wenye kufuli. Lakini kitufe chenyewe kiko kwenye ukurasa ulio wazi! Mtu aliye njiani hana haja ya kuvunja kufuli. Anabadilisha kitufe tu, kikuelekeze kwenye ukurasa wake yeye. Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2009 mtaalamu wa Marekani anayejulikana kwa jina la Moxie Marlinspike alionyesha hadharani programu aliyoiita sslstrip, iliyofanya hilo hasa. Iliketi katikati ya mtu na tovuti, ikageuza kila kiungo kilichoelekea kwenye ukurasa wenye kufuli kiwe kiungo cha kawaida. Mtumiaji aliendelea na shughuli zake, akaandika neno lake la siri, na hakuona jambo lolote la kumtia shaka. Kufuli la benki lilikuwa zima kabisa. Hakuna aliyelifikia.

Kwa hiyo, ukurasa unaompeleka mtu kwenye malipo ni sehemu ya malipo. Na ukurasa unaompeleka mtu kwenye huo nao ni hivyo hivyo. Ukifuata uzi huo utakuta umerudi mpaka kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, wenye picha ya kiondo na neno “Karibu.”

Nikamgeukia mwalimu wetu mstaafu, kwa heshima zote. Ni kweli, nilisema, M-Pesa ina ulinzi wake tangu ilipoanzishwa mwaka 2007. Lakini mnunuzi ataijua vipi nambari ya kulipia? Ataisoma kwenye tovuti. Pale kwenye ukurasa wa “Jinsi ya Kulipa,” ambao fundi hakuuzungushia wino, imeandikwa nambari ya Lipa na M-Pesa ya kikundi. Ukurasa huo hauna siri yoyote. Twataka dunia nzima iuone. Lakini mtu akiibadilisha nambari hiyo ikiwa njiani, akaweka yake, mnunuzi atalipa mwenyewe, kwa mkono wake, kwa neno lake la siri, na M-Pesa itafanya kazi yake barabara. Jina la mpokeaji litatokea kwenye simu, naam, lakini mgeni wa London au hata wa Nairobi atajuaje kama jina hilo ni la mweka hazina wetu au la tapeli? Pesa zitakwenda, kiondo hakitatumwa, na mnunuzi atawatangaza kina mama wa Mutomo kuwa wezi.

Ukumbi ulinyamaza. Mweka hazina akaichukua kalamu nyekundu kwa fundi na kuuzungushia ukurasa huo yeye mwenyewe, mara mbili.

Huenda ukasema, msomaji, kwamba natia chumvi, kwamba ni nani atakayejisumbua kubadilisha kurasa za kikundi kidogo. Mwaka 2014 ilibainika kwamba kampuni kubwa ya intaneti ya Marekani, Comcast, ilikuwa ikipachika matangazo yake ndani ya kurasa za tovuti za watu wengine zilipopita kwenye wai-fai yake ya hadharani. Wenye tovuti hawakuulizwa. Kampuni haikuhitaji kuchagua tovuti moja moja. Mtambo ulifanya hivyo kwa kila ukurasa uliopita wazi. Ikiwa kampuni inayojulikana jina na anwani inaweza kufanya hivyo kwa ajili ya matangazo, mwizi asiye na jina atashindwa na nini? Mitego ya siku hizi haichagui samaki. Hutandazwa mtoni ikanasa kila kinachopita.

Kuna sababu nyingine tena, nayo inamhusu yule mnunuzi anayeingia kwa jina lake. Ukishaandika neno lako la siri, tovuti hukupa alama ndogo ya kukutambulisha, kama kile kikaratasi unachopewa langoni ili usilipe tena ukizunguka ndani ya maonyesho. Kila ukurasa unaoufungua baadaye, simu yako huonyesha kikaratasi hicho. Sasa, ikiwa ukurasa wa kuingilia una kufuli lakini wa pili hauna, kikaratasi kitaonyeshwa wazi wazi, na aliye karibu anaweza kukinakili na kujifanya wewe. Mnamo Oktoba 2010 mtaalamu Eric Butler alitoa programu iitwayo Firesheep, iliyomwezesha hata mtu asiye fundi kuketi mkahawani na kuingia kwenye akaunti za Facebook na Twitter za watu waliokuwa kwenye wai-fai hiyo hiyo. Butler alitaka kuzizindua kampuni hizo, na kweli zilizinduka. Kufikia mwaka 2013 Facebook ilikuwa imewatilia kufuli watumiaji wake wote, kurasa zote.

Mzee mmoja mrina asali, ambaye muda wote huo alikuwa kimya akichezea kofia yake, akaomba nafasi ya kusema.

“Mwanangu,” akaniambia, “mimi nimetundika mizinga tangu ujana wangu. Nyegere hashindani na mlango wa mzinga. Huuzunguka, akatafuta pale ubao ulipolegea. Ukiimarisha mlango ukaacha nyuma wazi, umemsaidia kujua pa kuanzia.”

Sikuwa na la kuongeza. Mzee alikuwa amesema kwa pumzi moja yale niliyoyaeleza kwa nusu saa.

Lakini mweka hazina hakuwa mtu wa kutosheka kwa hadithi za nyegere. “Na gharama?” akauliza. “Kama kufuli mbili ni ghali, 14 zitakuwaje?” Hapo ndipo nilipopata raha ya kumpa habari njema. Kwanza, cheti hakihesabiwi kwa ukurasa. Cheti kimoja hutosha tovuti nzima, iwe na kurasa mbili au elfu mbili. Pili, tangu Desemba 2015 kuna shirika lisilo la faida liitwalo Let’s Encrypt, linalotoa vyeti bure kwa mtu yeyote mwenye tovuti, na kampuni nyingi zinazokodisha seva huvitia bila malipo ya ziada. Tatu, tarakilishi na simu za leo zina nguvu kiasi kwamba mzigo wa kusimba hauhisiwi kabisa. Zile sababu mbili zilizowafanya watu wa zamani wachague kurasa chache, yaani gharama na uzito, zimekwisha. Lililobaki ni mazoea.

Tena, asiyetia kufuli siku hizi ndiye anayelipa. Mwaka 2014 Google ilitangaza kwamba tovuti zilizosimbwa zitapewa upendeleo kidogo katika kupangwa kwa matokeo ya utafutaji. Na tangu Julai 2018, kivinjari cha Chrome kilianza kuonya kwamba kila ukurasa usiosimbwa si salama, hata kama hauna lolote ila picha. Hebu fikiria mnunuzi anafungua duka lako kwa mara ya kwanza, na jambo la kwanza analoambiwa ni kwamba mahali hapo si salama. Atakaa?

Msichana mmoja wa kidato cha nne, aliyemsindikiza nyanyake mkutanoni, akauliza swali lililonifurahisha kuliko yote. “Tukitia kufuli kurasa zote, basi tumekuwa salama?”

La hasha! Na hapa naomba kila mzazi na mwanafunzi anayesoma atulie kidogo. Kufuli hulinda njia, halilindi nyumba. Neno la siri la mweka hazina likiandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani ofisini, kufuli halitasaidia. Simu ya kikundi ikiachwa mezani bila kufungwa, halitasaidia. Wala kufuli halimwambii mnunuzi kwamba muuzaji ni mwaminifu. Tapeli naye anaweza kupata cheti cha bure kwa tovuti yake ya utapeli, na kufuli lake litakuwa zima kama letu. Cheti husema tu, “Hii ndiyo tovuti yenye jina hili.” Hakisemi kwamba mwenye jina hilo ni mtu mwema. Watu wengi waliifasiri vibaya ile picha ya kufuli kiasi kwamba mwaka 2023 Chrome iliiondoa karibu na anwani na kuweka alama nyingine. Kwa hiyo soma jina la tovuti herufi kwa herufi kabla ya kulipa. Kutokuwa na kufuli ni dalili ya hatari. Kuwa nalo si hati ya uaminifu.

Baada ya maelezo hayo, karatasi ya fundi ilibandikwa upya, na kazi ya kuchagua ikaanza. Maana kuchagua bado kulikuwepo, ila sasa tulichagua mambo mengine.

Kuhusu kufuli, hatukuchagua. Kurasa zote 14, na picha zilizomo, zitasimbwa. Mtu akiandika anwani ya zamani isiyo na kufuli, atahamishwa mara moja kwenye ile yenye kufuli, na kivinjari chake kitaambiwa kikumbuke hivyo siku nyingine. Huo ni utaratibu uliowekwa rasmi mwaka 2012, hasa kwa sababu ya hila kama ile ya mwaka 2009.

Kuhusu mlango, tulichagua. Picha za viondo, bei za maembe na historia ya kikundi ni za kila mtu, hazihitaji neno la siri. Lakini fundi alikuwa ameweka ukurasa wa orodha ya wanachama, pamoja na kiasi ambacho kila mmoja amelipwa, akidhani ni vyema kuonyesha uwazi kwa wanunuzi. Hapo palizuka zogo. “Mume wangu akiona?” mama mmoja akauliza, na wenzake wakacheka, lakini si kicheko cha raha. Kufuli lisingemsaidia mama huyo hata kidogo, kwa sababu kufuli haliwezi kuficha kile ulichokitangaza mwenyewe. Ukurasa huo sasa uko nyuma ya mlango, na kila mwanachama ataona hesabu yake tu. Mweka hazina ataona zote, na ataendelea kuzisoma mkutanoni kama ilivyo desturi.

Na kuhusu yale yasiyopaswa kuandikwa popote, tulichagua pia. Fomu ya kununua ilikuwa ikidai nambari ya kitambulisho cha mnunuzi na tarehe yake ya kuzaliwa. Nikauliza, “Ya nini, mtu akinunua kiondo?” Fundi akakiri kwamba aliinakili fomu hiyo kutoka mahali pengine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mtu akusanye habari zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyokusudiwa, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Fauka ya sheria, kuna busara ya kawaida: kisichokuwepo hakiibwi. Tukafuta mistari hiyo miwili, tukabaki na jina, simu na mahali pa kupeleka mzigo.

Lilibaki jambo moja ambalo nililisisitiza kuliko yote. Vyeti vya bure havidumu. Kwa miaka mingi vimetolewa kwa muda wa siku 90 tu, na muda wenyewe unaelekea kupunguzwa. Seva ikipangwa vyema, huvihuisha yenyewe bila mtu kuhangaika. Isipopangwa, siku moja cheti kitaisha, na kila mnunuzi atakutana na onyo kubwa la kumtisha kabla ya kuuona mlango wa duka. Hapo ndipo vikundi vingi vidogo hukwama: fundi amehamia Mombasa, simu yake haishiki, na hakuna mwingine ajuaye seva iko wapi. Kwa hiyo iliamuliwa kwamba maneno ya siri ya seva na jina la tovuti yatawekwa na watu wawili wa kikundi, mmoja upande huu wa Athi na mwingine ng’ambo, na yule msichana wa kidato cha nne atafundishwa na fundi kuangalia tarehe ya cheti kila mwanzo wa mwezi. Nyanyake alijaa fahari, utadhani mjukuu ameteuliwa waziri.

Nawe, msomaji, huenda huna tovuti na wala huna haja nayo. Lakini huenda una mtoto chuoni anayejifunza kuzitengeneza, au shangazi anayeuza keki kwenye mtandao, au kanisa, msikiti au chama chenye ukurasa wa michango. Waulize swali lile lile la Mutomo, na wakikujibu kwamba wametia kufuli ukurasa wa malipo peke yake, waombe wakuonyeshe nambari ya kulipia imeandikwa wapi, na mnunuzi hupitia kurasa zipi kabla ya kuifikia. Wasiposhawishika, waambie habari za nyegere.